Breki ya kushoto iliyokataa kuachia

Nabeba kabichi na karoti kutoka Lushoto kushuka Mombo, kwa pikapu ya mwaka 1993. Njia ile ni kilomita 33 za kona na mteremko, na ukifika chini breki za gari lolote zinanuka. Ndiyo maana nilichelewa kuujua ugonjwa. Nikisikia harufu ya pedi kuungua nasema ni mlima. Usukani ukivuta kushoto nasema ni barabara.

Siku moja narudi juu, gari tupu, gia ya pili na ya tatu, breki sijaigusa muda mrefu. Nikasimama Soni ninywe chai. Sijui nini kilinituma, nikapitisha kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Tatu zilikuwa baridi. Ya mbele kushoto ilifuka joto kama jiko. Ukishuka mlima, joto la rimu halikwambii kitu. Ukipanda, linakwambia kwamba breki imeng'ang'ania.

Fundi aliangalia kidogo tu akasema, "Mzee, kalipa imekufa hiyo, tutafute nyingine." Kalipa ndicho kifaa kinachobana pedi kwenye diski, na ya mtumba sikuitaka. Nikaweka vigingi magurudumu ya nyuma, nikainua mbele, nikakalisha gari kwenye stendi, maana jeki peke yake siiamini kabisa.

Pedi ya ndani ilikuwa imekwisha, ya nje bado nene. Hiyo ni dalili kwamba kalipa haitelezi. Kalipa hutelezea juu ya pini mbili. Moja ilitoka kwa mkono. Ya pili ilitaka nyundo, kwani mpira wake ulikuwa umechanika, maji na vumbi vimeingia, grisi imekuwa kama udongo. Nikaisafisha kwa msasa laini, nikapaka grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira, usiitie hapo. Pistoni, ile inayosukuma pedi, niliitoa kwa kukanyaga pedali taratibu, kipande cha ubao kikiwa mbele yake, vidole mbali. Haikuwa na mashimo ya kutu, kwa hiyo nilibadilisha sili, yaani mpira unaozuia mafuta kuvuja, na kifuniko cha vumbi tu.

Nikafunga, tukatoa upepo kwenye mafuta ya breki, gurudumu likazunguka vizuri. Nikamwambia kijana wangu, "Kanyaga mara tano, achia." Nikajaribu kulizungusha. Limeshika! Moyo uliniuma, maana ilikuwa kazi ya siku nzima.

Nikalegeza nipo ya kalipa, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo. Mafuta yakaruka kwa nguvu ilhali hakuna aliyekanyaga, na gurudumu likaachia papo hapo. Basi pistoni ilikuwa nzima, ila presha ilikuwa haipati njia ya kurudi. Nikafunga nipo, kijana akakanyaga tena, likashika. Safari hii nikalegeza nati ya paipu ya chuma pale inapoungana na mpira wa breki, yaani bomba laini linalopeleka mafuta kwenye kalipa. Gurudumu halikuachia. Presha ilikuwa imenaswa ndani ya mpira wenyewe.

Kwa nje mpira ule haukuwa hata na ufa. Nilipoupasua kwa kisu nikakuta ndani umevimba, tundu limebaki jembamba mno. Mguu una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite. Kurudi hayana wa kuyasukuma ila mnyumbuko mdogo wa sili, na huo hauwezi kushinda tundu lililoziba. Kalipa mpya ingeshika vilevile, na pesa ingekuwa imekwenda.

Nilibadilisha mipira yote miwili ya mbele, maana umri wake ni mmoja. Nikapitisha mafuta mapya ya breki, aina ya DOT 3, mpaka yakatoka masafi, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na unyevu huo ndio huleta kutu kwenye pistoni.

Safari iliyofuata nilishusha mzigo Mombo, nikapanda, nikasimama palepale Soni. Rimu zote nne zilikuwa baridi.