Siku moja na mkaguzi wa usalama wa stima, Lamu

Saa moja asubuhi. Napita njia ya ndani, Langoni, nikiwapisha punda wa saruji. Wengi hapa hudhani mimi ni mtu wa Kenya Power. Kenya Power huleta stima mpaka kwenye mita. EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, humpa fundi leseni ya kufunga waya. Sisi wa Idara ya Usalama na Afya Kazini huangalia kama anayegusa mashine kazini atarudi kwake mzima, na Sheria ya mwaka 2007 inaturuhusu kuingia mahali pa kazi na kukagua.

Saa mbili. Nyumba ya wageni, Mkomani: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari la boriti. Kuta hizi hunyonya unyevu, na hewa ya bahari ina chumvi. Shaba hugeuka kijani, skrubu za soketi hulegea, na palipolegea ndipo panapochemka. Chumba cha kufulia kina soketi iliyoungua ukingoni.

"Mwanangu, hii imefanya kazi miaka yote," anasema bi msimamizi.

Napima kwa volti 500. Usugu, yaani uwezo wa kuzuia stima isivuje, kati ya waya na erthi, ule waya unaopeleka mvujo ardhini, usipungue megaohmu 1. Hapa haufiki hata nusu. Namwonyesha namba, kisha naandika notisi ya kurekebisha, yenye tarehe ya mwisho.

Saa nne. Mahali pa kutengeneza barafu ya wavuvi. Sakafu imelowa, vijana wako peku, mashine ya volti 240 inanguruma. Nafungua kifuniko: waya wa erthi umekatwa. Mwenyewe ananieleza kwamba kikata-umeme kilikuwa kikiruka kila mara, fundi mmoja akakiondoa na kukata erthi, na kelele zikaisha. Kifaa kile hukata stima inapovuja kiasi cha milliampea 30 tu, kabla moyo wa mtu haujasimama. Kilikuwa kinaruka kwa sababu mashine inavuja kweli. Sasa mvujo ule ukipata njia, utapita kwenye mwili wa kijana aliyesimama majini.

Natoa notisi ya kukataza. Mashine izimwe sasa hivi.

"Bwana mkaguzi, samaki wangu wataoza. Unanikatia riziki."

"Najua, mzee wangu. Nitakaa hapa mpaka fundi mwenye leseni apatikane."

Hasara yake ni ya kweli, na inaniuma. Lakini maiti ya kijana haina fidia inayotosha. Napiga simu mwenyewe. Mzee anaagiza barafu kwa jirani ili samaki wasiharibike.

Saa saba, sala na wali. Fundi anaanza baada ya adhuhuri.

Saa nane. Shela, kwa mashua. Mkahawa wa paa la makuti, waya umelala juu ya makuti makavu bila paipu. Hapa sibishani na mtu: ushushwe leo, uingie kwenye paipu, uwe mbali na paa. Mwenyewe anakubali haraka. Kila mtu Lamu anajua makuti yanavyowaka.

Saa kumi na nusu. Narudi kwenye barafu. Fundi amebadilisha waya uliochubuka ndani ya mota, erthi imerudi, kikata-umeme kipya kimefungwa. Nabonyeza kitufe cha majaribio: stima inakatika papo hapo. Napima tena, namba inaridhisha, naondoa notisi. Kisha nawaita vijana, kila mmoja akibonyeze mwenyewe na kuona, na mzee anaandika tarehe ya jaribio ukutani kwa chaki.