Nilivyoondoa utando wa rangi kwenye picha yenye ukungu nyuma

Picha ni ya binamu yangu ufukweni Mikindani, amejitanda mtandio mwekundu, nyuma yake mashua na minazi. Kila nilipoitia ukungu sehemu ya nyuma kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, kichwa kilizungukwa na utando mwekundu. Nilipunguza ukungu, nikalainisha kingo, nikamkata upya taratibu. Utando haukuondoka.

Kumbe Gaussian Blur, kichujio kinachotia huo ukungu, huchanganya rangi ya kila nukta na za jirani zake. Mtu akiwa bado yumo kwenye tabaka la nyuma (matabaka ni kama karatasi za picha zilizopangwa moja juu ya nyingine), rangi yake humwagikia mandhari.

Basi nilirudufu tabaka. La juu nikaliwekea maski, yaani kifuniko ambacho palipo peupe huonekana na palipo peusi hufichwa, akabaki yeye tu. La chini, na hapa ndipo penye siri yote, nilimfuta mtu kwanza, KABLA ya ukungu: kwa zana ya Clone nilichota bahari na mchanga wa pembeni nikamfunika. Usihangaike kupapendezesha, ukungu utaficha. Ila funika hadi ndani ya umbo lake, si ukingoni tu. Ndipo nikatia ukungu. Utando ukatoweka kabisa, nilifurahi mno!

Likabaki moja: alionekana kama anaelea, maana hata mchanga aliosimama ulififia. Kwenye maski ya juu nikapaka weupe mchangani miguuni pake, ukififia taratibu kuelekea majini. Kiasi cha ukungu pima kwa macho. Mimi niliishia pale mashua zilipokuwa bado zinatambulika kuwa mashua.