Siku moja na breki inayovuja

Saa 1:30 asubuhi. Sijamaliza hata kufungua milango ya gereji, mzee mmoja anaingia akiikokota pikipiki yake ya 1994. Mtu hakokoti pikipiki inayowaka bila sababu, kwa hiyo nikahisi ni breki kabla hajasema.

"Fundi, mkono wa breki unagusa gripu. Naongeza mafuta kila wiki, lakini leo imekataa kabisa."

Hapo kwenye "kila wiki" nilitamani kukaa chini. Mafuta ya breki si petroli, hayaliwi. Pedi zikilika, usawa kwenye kikopo hushuka taratibu, kwa miezi. Ukiona unashuka kwa wiki, kuna mahali yanatokea, na kuongeza ni kulisha tundu tu.

Saa 2. Shokapu ya mbele imelowa chini, upande wa kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Kijana ninayemfundisha kazi akasema ni sili ya shokapu, ile pete ya mpira inayozuia mafuta, imekufa. Nikamwagiza kopo la maji. Nikafuta tone kwa kidole, nikalichovya: likayeyuka, likapotea. Mafuta ya shokapu yangeelea. Tena rangi ya madigadi ilikuwa imevimba na kubanduka vipande vipande, na kwa rangi hakuna adui kama mafuta ya breki.

Sasa yanatokea wapi? Mafuta hutiririka, yakaonekana mbali na yalikoanzia. Tukaosha kila kitu kwa maji na sabuni, tukakausha, nikajaza kikopo, kisha nikapaka poda ya watoto juu ya kalipa nzima hadi ikawa nyeupe kama imepigwa chokaa. Kijana akabana breki mara kumi. Mimi mwenyewe nilishaamua moyoni kwamba ni washa za shaba, pale mpira wa breki, yaani bomba la kupitishia mafuta, unapoingia kwenye kalipa. Poda ya pale ilibaki kavu. Mstari mwembamba wa kijivu ukajichora polepole kutoka nyuma ya pedi, kwenye mdomo wa pistoni inayosukuma pedi. Kijana alinitazama bila kusema kitu, nami sikusema kitu.

Pedi zimeshalowa, ni za kutupa. Kuna wanaozichoma moto ili wazirudishe. Mimi sifanyi hivyo.

Saa 4. Pancha mbili na cheni moja ya kukaza.

Saa 5. Kutoa pistoni. Kabla ya kufungua mpira wa breki, acha breki yenyewe ifanye kazi: toa pedi, bana mkono taratibu, pistoni inajisukuma hadi nje. Zamani nilikuwa naitoa kwa upepo wa kompresa, mpaka siku iliporuka kama jiwe la manati na kupita karibu kabisa na vidole vyangu.

Ilipotoka, kesi ikaisha. Vishimo vya kutu pale pale sili inapokaa, na kwenye mfereji wa sili ukoko mweupe mgumu unaoisukuma sili upande mmoja. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. Aina iitwayo DOT 4, ikiwa mpya, haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 155. Na maji hayo hayo ndiyo yanayokula chuma kutoka ndani. Kijana alikwangua ukoko kwa kijiti cha mti kwa dakika arobaini. Alitaka bisibisi, nikamnyima: mkwaruzo mmoja mle ndani, kalipa imeisha.

Saa 8. Vipuri vimefika: pistoni, sili mbili, pedi, washa mpya za shaba. Sili hupakwa mafuta mapya ya breki tu. Grisi ya kawaida huivimbisha. Pistoni ikakubali kuingia kwa vidole gumba viwili. Ingekataa, ningeitoa nianze upya, maana pistoni inayohitaji nyundo imekaa upande.

Saa 9. Kutoa hewa. Bana mkono, shikilia, fungua niplo ya kutolea hewa kwenye kalipa, funga, ndipo uachie. Povu likatoka, likapungua, likakoma, lakini mkono bado ukawa laini kama sponji. Hewa hupanda juu, na pale juu kabisa kuna boliti ya mpira wa breki kwenye masta silinda, pampu ya breki iliyo kwenye usukani. Nikaifunga kitambaa, nikailegeza kidogo huku kijana amebana. Ikatema vipovu viwili vitatu. Tone moja likadondokea tangi, na kabla sijafungua mdomo kijana alikuwa ameshamwaga ndoo nzima ya maji, pamoja na miguu yangu.

Saa 10:15. Mkono umekuwa mgumu. Nikaufunga ukiwa umebanwa kwa utepe wa tyubu, nikatandika karatasi chini ya kalipa, tukaiacha saa nzima. Karatasi ikabaki kavu. Nikaizungusha pikipiki uani mwendo wa kutembea, nikibana na kuachia, hadi pedi mpya zikaanza kushika.

Saa 12 jioni. Mzee amerudi. Akabana breki, akabana tena, akacheka peke yake. Kisha akafungua kiti na kutoa chupa yake ya kuongezea, wazi tangu sijui lini, mafuta yamekuwa ya kahawia.

"Haya yaliyobaki nihifadhi wapi, fundi?"

Nikayamimina kwenye dumu la mafuta machafu, nikamrudishia kifuniko.