Nilivyofuatilia kura za Elliott, Kentucky

Mimi ni mtu wa Kigoma, naishi Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani, mji wenye Wakongomani wengi kiasi kwamba Jumapili naweza kumaliza siku nzima bila kutamka neno la Kiingereza. Mzee mmoja wa Uvira, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa uraia, ndiye aliyenitumbukiza kwenye shughuli hii. Alikuwa ameona ramani ya kura za urais za 2012: jimbo zima jekundu, rangi ya Warepublikani, madoa manne tu ya buluu, rangi ya Wademokrati. Matatu nilimweleza papo hapo. Jefferson ni Louisville, Fayette ni hapa kwetu, Franklin ndiko yaliko makao makuu ya jimbo na wafanyakazi wengi wa serikali.

"Na hili la nne, kule milimani?"

Nikakwama. Lilikuwa Elliott, kaunti ndogo ambayo karibu wakazi wake wote ni wazungu wa mashambani. Nikaahidi jibu kwa Jumamosi, nikalipata baada ya wiki tano.

Matokeo ya kila kaunti yako wazi kwa umma, kwa hiyo kuyapata si kazi. Kazi ni kuyapanga. Kentucky ina kaunti 120, na usiku wa kwanza niliruka mstari mmoja nilipokuwa nanakili, kura zote zikateremka ngazi moja. Elliott ikabeba kura za Edmonson, Estill ikabeba za Elliott. Nilikaa siku mbili nikijiona nimegundua ajabu kubwa! Kilichonizindua ni Fayette, jiji zima la Lexington, kuwa na wapiga kura wachache kama kijiji. Tangu hapo, kabla sijaamini chochote, najumlisha safu nzima na kuilinganisha na jumla ya jimbo.

Jedwali liliponyooka nikaacha kaunti nyingine zote, nikamfuata Elliott peke yake mwaka hadi mwaka. Kaunti hiyo ilianzishwa 1869, na katika kila uchaguzi wa rais hadi 2012 iliwapa Wademokrati. Kila uchaguzi! Kerry alipata karibu asilimia 70 mwaka 2004. Obama akapata 61 mwaka 2008, kisha 49 mwaka 2012, akimzidi Mrepublikani Romney kwa kura 60 tu. Mwaka 2016 Mdemokrati Clinton akaambulia 26, Mrepublikani Trump akazoa 70. Magazeti yalishangaa 2016, lakini ukiziweka namba hizo kwenye mstari mmoja unaona ngazi ilikuwa ikishuka tangu zamani.

Chanzo cha buluu yenyewe kiko mbali zaidi. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani Kentucky ilibaki upande wa Muungano, yaani Kaskazini, ila watu wake walipigana pande zote mbili, na vijukuu wakarithi vyama, wa Muungano Urepublikani na wa Kusini Udemokrati, kama sisi tunavyorithi Simba na Yanga. Ndiyo maana kaunti ya Owsley, iliyoegemea Muungano, imekuwa ya Warepublikani kizazi hadi kizazi, huku jirani yake Breathitt ikiwa ngome ya Wademokrati kwa miaka mingi. Milima ni ileile, umaskini ni uleule. Mashariki zaidi, kwenye makaa ya mawe, vyama vya wafanyakazi viliongeza uzito kwa Wademokrati.

Kisha nikafungua kura za ugavana, ambazo Kentucky hupigwa miaka isiyo ya urais, na hapo ndipo nilipofurahi kwelikweli. Mwaka 2019 Elliott ilimpa Andy Beshear, Mdemokrati, aliyeshinda jimbo zima kwa tofauti ya kura 5,136 tu. Letcher, kaunti nyingine ya milimani, iliyompa Trump zaidi ya robo tatu ya kura 2020, ilimchagua Beshear 2023, mwaka mmoja baada ya mafuriko makubwa ya huko. Walewale, masanduku mawili, majibu mawili.

Hata daftari la wapiga kura lina lake. Hadi katikati ya 2022, Kentucky ilikuwa na Wademokrati wengi zaidi waliojiandikisha kuliko Warepublikani, ilhali kura za urais zilikwenda kwingine tangu 2000. Sababu mojawapo ni ya kawaida kabisa: kura za mchujo, ambako chama huteua wagombea wake, ni za wanachama tu, na kwenye kaunti ya chama kimoja mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Ukitaka kuchagua mkuu wa polisi wa kaunti au mkuu wa jela, unabaki na kadi ya babu.

Nilimpelekea mzee karatasi tatu. Alizisoma polepole, kidole kikifuata mistari, hadi pale penye mkuu wa jela.

"Mwanangu, hapa wanampigia kura hata wa jela?"

"Ndiyo, Papa."

Alivua miwani. Kura za Elliott hakuziuliza tena; saa nzima iliyobaki tuliongea jela.