Kadi ya Shilingi Kumi: Nilivyopata Kasi

Ploti ninayokaa hapa Kisauni, Mombasa, umeme ukipotea jioni watu hutoka uani, na swali la kwanza ni nani ana karata. Tunacheza kadi, mchezo ambao Wakenya wengi wameujua tangu shuleni. Wengine huuita poka, ingawa na poka ya kasino haihusiani kabisa. Mimi nilikuwa naujua kabla ya kuhamia pale, ila nilizoea kuucheza polepole. Pale uani unahesabiwa moja, mbili, tatu. Kama hujatupa, unaokota. Na kila raundi ina dau la shilingi kumi.

Kwa asiyeujua: pakiti ina karata 54, jokeri mbili zikiwemo. Kila mtu anapewa nne, kisha moja inafunuliwa katikati. Unatupa inayolingana na iliyo juu, ama kwa namba ama kwa alama: kopa kwa kopa, saba kwa saba. Huna, unaokota kwenye fungu lililobaki. Ukiwa na saba mbili au tatu unaweza kuzishusha pamoja. Mpaka hapo ni rahisi, hata mtoto anaelewa.

Utamu uko kwenye karata zenye kazi. Mbili humlisha anayefuata karata mbili, yaani anaziokota, tatu humlisha tatu, jokeri tano. Aliyelishwa anaweza kujiokoa kwa A, au kwa kuweka ya kulisha inayokubali na kumsukumia mwenzake mzigo. J inamruka mtu. K inageuza mchezo urudi ulikotoka. Nane na Q ni maswali: ukiuliza lazima ujijibu mwenyewe papo hapo kwa karata ya alama ileile, la sivyo unaokota. A, isipotumika kuzuia kulishwa, inakupa haki ya kuomba alama unayotaka, na kwetu A ya shupaza inaomba hata karata yenyewe, kwa mfano saba ya uru. Kabla ya kumaliza, zamu moja mapema, unatangaza: "Niko kadi!" Usipotangaza, huruhusiwi kufunga.

Na hufungi kwa karata yenye kazi. Unafunga kwa jibu tu, yaani nne, tano, sita, saba, tisa au kumi.

Hapo ndipo kasi yangu ilipoanzia, kwa sababu nilikaa nikahesabu. Majibu ni aina sita mara nne, jumla 24. Zilizobaki 30 zote zina kazi. Maana yake zaidi ya nusu ya pakiti haiwezi kukufungia mchezo. Lakini tazama watu wanavyocheza: wanatupa majibu mwanzoni kwa sababu hayana makali, wanabana mbili na jokeri mkononi kama silaha, halafu mwishoni wanabaki na K na J ambazo haziwatoi. Mimi nikageuza. Nikipokea karata nne zangu, naamua palepale jibu lipi ndilo la kufungia, naliweka upande wa kushoto kabisa wa mkono, na silihesabu tena. Sasa nachagua kati ya tatu, si nne. Amini usiamini, hilo peke yake lilinipunguzia muda wa kufikiri kuliko kitu kingine chochote.

La pili ni kupanga kabla ya zamu. Zamu ya mtu wa mkono wako wa kulia ndiyo wakati wako wa kufikiri. Naweka akilini mipango miwili: akiacha alama hii natupa hii, akibadilisha natupa ile. Zamu ikinifikia mkono unajua pa kwenda, na hesabu ya moja, mbili, tatu hainitishi. Anayeanza kufikiri baada ya kusikia "moja" amechelewa, na shemeji mmoja pale uani hasiti kumwambia, "Shemeji, okota, usiku unaingia."

Maswali nayo nayathamini sana, kuliko jokeri. Watu wengi hudhani kwamba kuwa kadi ni kubaki na karata moja. Sivyo. Ukiwa na nane ya kopa, Q ya kopa na sita ya kopa, uko kadi tayari, kwani swali linakaa juu ya swali na sita inajibu yote. Wenzako wanaona karata tatu mkononi mwako na hawakuogopi mpaka utamke. Nane ya uru ikikaa juu ya nane ya kopa, jibu linahamia uru, kwa hiyo hata mkono uliochanganyika unaweza kushuka wote kwa zamu moja. Mwenye macho huuona mnyororo huo mapema.

Halafu kuna kumbukumbu. Sijaribu kukumbuka karata 54, hakuna haja. Nakumbuka jambo moja tu kwa kila mtu: ameokota kwenye alama gani. Aliyeokota kwenye shupaza hakuwa nayo, na huenda bado hana. Akisema "niko kadi" na mimi nina A, naomba shupaza. Mara nyingi inatosha kumrudisha kwenye fungu.

Kama sina A, nina njia nyingine, nayo ndiyo naipenda kuliko zote. Kwetu, mtu akitupa karata yake ya mwisho nayo ni ya kazi, hajashinda. Amebaki mikono mitupu, anaokota zamu yake ikirudi, na mpaka hapo hakuna mwingine anayeruhusiwa kufunga. Basi nikiwa nimebaki na karata ya mbili peke yake na mwenzangu asiyenifuata kwa zamu yuko kadi, naishusha kwa makusudi. Raundi inarefuka, yeye analazimika kutupa lile jibu alilolitunza au kuokota, na mimi naanza upya.

Upande wa pesa tulikubaliana mapema, tukiwa bado tunacheka. Kila mtu anakuja na shilingi mia, sarafu za kumi, basi. Dau linaingia kwenye kikombe kabla karata hazijagawiwa. Tukiwa wanne, mshindi anazoa arobaini. Hakuna kukopeshana mezani, wala kupandisha dau kwa sababu mtu anataka kurudisha alichopoteza. Na hatuchezi nje kwenye kichochoro, kwa sababu kamari ya hadharani inakamatisha watu, hata iwe ya shilingi kumi. Jirani zetu kadhaa Waislamu hawagusi kamari, Qur'ani imeikataza wazi katika Surat al-Maida, aya ya 90. Wakikaa nasi, kikombe kinaondolewa tunacheza bure, na nakuhakikishia kwamba kasi haipungui hata kidogo.

Aliyeishiwa na sarafu zake hafukuzwi. Anaendelea kucheza bila dau, na akishinda, kikombe kinabaki kilivyo mpaka raundi inayofuata, ambayo yeye ndiye anayegawa.