Tulivyorudisha Mikoko Mbele ya Klabu ya Makazi

Nilipopewa jukumu la kuwaongoza wakazi waliojitolea kurudisha mikoko katika ufuo ulio mbele ya klabu yetu ya makazi, jambo la kwanza nililoomba ni kwamba usiletwe mche hata mmoja mpaka tuelewe kwa nini ile iliyopandwa miaka ya nyuma ilikauka yote. Ombi hilo halikuwafurahisha wengi, kwa kuwa mtu anayejitolea Jumamosi yake hutaka kurudi nyumbani akiwa amepanda kitu.

Tulisimika vijiti vyenye alama kuanzia ukingo wa bustani ya klabu hadi kwenye tope la chini, tukafuatilia bamvu (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) ili kujua kila sehemu hufunikwa kwa muda gani. Mikoko hustawi pale ambapo maji hayafuniki ardhi kwa zaidi ya takriban asilimia 30 ya muda wote; yakizidi hapo, miche hukosa hewa, na ndiyo sababu upandaji kwenye tope tupu la chini, ambako nafasi ni tele na hakuna wa kulalamika, mara nyingi huambulia patupu. Vijiti vilionyesha kwamba eneo lenye kimo kinachofaa lilikuwa nyuma ya tuta la kifusi lililoachwa na wajenzi, na kwamba tuta hilo ndilo lililoziba mkondo, hata upande wa ndani ukabaki dimbwi lililotuama, lenye uvundo na viluwiluwi vya mbu.

Mbu hao walitusaidia kuliko hoja yoyote. Baadhi ya wakazi walipinga kazi nzima wakidai kwamba mikoko huleta mbu na kuziba mandhari ya bahari, lakini nilipochota maji ya dimbwi kwenye chupa angavu na kuiweka juu ya meza ya mkutano, viluwiluwi vikipanda na kushuka mbele yao, ilikuwa rahisi kueleza kwamba maji yanayoingia na kutoka kila siku huja na samaki wadogo wanaovila. Kuhusu mandhari, tulikubaliana kuacha wazi njia ya mashua, jambo ambalo naliona la haki, kwani hapo miti haikuwahi kuota.

Baada ya kupata kibali cha mamlaka husika, tulilikata tuta kwa majembe na makarai, tukiufuata mkondo wa zamani. Mashine tulizikataa, kwa maana tope likishindiliwa mizizi hupata taabu. Michu, ambayo ni aina mojawapo ya miti ya mikoko, ilijiotea yenyewe, mbegu zake zikiletwa na maji. Ile aina iitwayo hasa mkoko, yenye mbegu ndefu, tuliisaidia: chini ya miti mikubwa tuliokota mbegu ndefu zilizokomaa, zile zenye pete ya manjano karibu na kofia, tukazikagua moja moja kama hazijatobolewa na wadudu, kisha tukachomeka theluthi moja ya kila mbegu kwenye tope, ncha ikiwa chini.

Sasa kazi kubwa ni kuondoa plastiki na vipande vya nyavu vinavyonasa kwenye miche kila baada ya bamvu, na kuwakumbusha wakata nyasi wasivuke kamba tuliyoifunga. Kaa wamerudi kuchimba mashimo, nasi hatuwasumbui, kwa sababu mashimo hayo hupitisha hewa na maji ardhini. Kamati ya klabu imekubali pia kuuhamisha mfereji wa maji ya mvua unaomwaga mchanga juu ya miche ya upande wa juu, na kazi hiyo itafanyika kabla ya masika.