Intaneti ya nyumbani kwenye jiji la miamba

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Wateja wangu wengi wako Dar es Salaam na Dodoma, kwa hiyo kila wiki hutuma mafaili makubwa kutoka katika nyumba tunayopanga hapa Isamilo, Mwanza, ambayo upande wake wa nyuma umeegemea jabali lililo refu kuliko paa. Nimefanya kazi hiyo kwa bando la simu, kisha kwa ruta ya 4G, yaani kifaa kinachodaka mtandao wa simu na kuugawa nyumbani, na sasa kwa faiba, waya wa kioo unaosafirisha data kwa mwanga. Kila anayetaka ushauri wangu huanza na swali moja, yaani ni ipi yenye kasi, nami humjibu kwamba kasi inayoandikwa kwenye matangazo karibu siku zote ni ya kupakua, yaani kupokea vitu kutoka mtandaoni, ilhali anayefanya kazi nyumbani huishi kwa kupakia, yaani kuvituma.

Faili langu la kawaida lina megabaiti 300. Kasi ya mtandao hupimwa kwa megabiti, na kwa kuwa baiti moja ni biti 8, faili hilo ni megabiti 2,400. Ruta yangu ya 4G ilikuwa ikipakua megabiti 20 kwa sekunde, nami nikafurahi, mpaka nilipopima upande wa pili na kukuta kwamba jioni inapakia megabiti 2 tu. Faili moja likawa linachukua dakika 20, tena ikiwa mtandao haukukatika katikati na kunilazimisha kuanza upya. Leo, kwa faiba inayopakia megabiti 20, faili lile lile hutumia dakika 2.

Sina nia ya kuidharau ruta ya 4G, kwa maana ilinilisha kwa miaka miwili. Shida yake kubwa hapa kwetu ni miamba. Mawimbi ya mnara wa simu hayapenyi jabali, na kadiri masafa ya mawimbi, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, yanavyokuwa ya juu ndivyo yanavyoshindwa kupinda na kulizunguka. Sebuleni ruta ilionyesha alama moja ya mtandao. Nilipoiweka juu ya kigoda kwenye dirisha la jikoni, linalotazama Kirumba na ziwa, ilionyesha nne. Kwa miezi mingi nilichora ramani kando ya jiko la gesi, huku nikiwaomba wanangu wasikisogeze kigoda kile hata kwa shubiri moja. Kisha ilipofika saa mbili usiku, watu wakisharudi nyumbani, mtandao ulianza kusuasua hata pale dirishani, kwa sababu uwezo wa mnara hugawanywa kwa wote wanaoutumia kwa wakati huo.

Siku fundi wa faiba alipokuja nilisimama karibu naye mwanzo hadi mwisho. Alimenya waya mweusi uliotoka kwenye nguzo, akabaki na uzi wa kioo wenye unene wa milimita 0.125, akaufuta kwa spiriti, akaukata, akaulaza ndani ya mashine ndogo ya kuungia. Kwenye kioo cha mashine ile niliona ncha mbili zikisogeleana polepole, cheche ikamulika mara moja, zikawa kitu kimoja. "Dada, hapa vumbi likiingia hata kidogo, mwanga haupiti," aliniambia. Nilipenda pia kujua kwamba kioo hakipitishi umeme, jambo lenye uzito katika ukanda huu wa ziwa wenye radi nyingi, ingawa kiboksi cha ndani kinachopokea faiba huchomekwa kwenye umeme wa nyumba na bado hukichomoa mvua inapoanza kuunguruma. Ubaya wa faiba ni kwamba ikikatika imekatika. Mwaka jana wachimba mtaro waliupitia waya wetu kwa sururu, tukakaa siku mbili na taa nyekundu kwenye kiboksi, nami nikarudi kwenye bando la simu.

Bando hilo sijaliacha hata sasa, kwani ndilo pekee linaloweza kunifuata nikiwa kwenye kivuko. Hata hivyo, nilikosea kudhani kwamba kulipa kampuni mbili ni sawa na kuwa na njia mbili. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya kubwa za intaneti zinazolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nyumbani kwangu faiba na simu vyote vikazorota siku hiyo hiyo, kwa kuwa vyote viwili hufika nje ya nchi kwa kupitia mikongo ile ile.

Njia isiyotegemea mkongo wa jirani ni setelaiti. Zile za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, hivyo swali na jibu hutumia karibu nusu sekunde angani, na katika mazungumzo ya video watu huishia kukatizana maneno. Zile za kampuni ya Starlink huzunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 550, na ucheleweshaji huo hupungua sana. Kwa zote mbili, dishi linahitaji anga wazi, na mvua kubwa hudhoofisha mawimbi.

Mdogo wangu anaishi Ukerewe, mahali ambapo waya wa faiba haujafika mlangoni kwake, na mwezi uliopita aliniuliza, "Dada, ninunue nini?" Sikumtajia kampuni yoyote. Nilimwomba aazime simu zenye laini tofauti, apande mahali pa juu kabisa nyumbani, kisha apime kupakia saa nne asubuhi na saa mbili usiku kwa siku tatu. Laini aliyokuwa amepanga kuichagua ilishinda asubuhi zote tatu, na usiku ikashindwa kutuma hata picha moja. Amechukua ile nyingine, na antena yake ameifunga nje, juu ya paa, ikielekea mnara.